Zabibu za Mama Frida na Sanduku la Jua

Asubuhi, kabla hajawasha moto wa uji, Evelina alipanda juu ya paa kufukuza kuku. Nyumba yao ilikuwa tembe. Paa lake la udongo lilikuwa bapa kama meza. Katika kijiji chao, karibu na Mvumi, kila mwanamke alianika mboga zake juu ya paa. Mlenda ulikaukia huko. Majani ya kunde yalikaukia huko. Msimu ule Evelina alikuwa ameanika zabibu.

Kuku walikuwa wamemtangulia. Nzi nao walikuwepo, na sisimizi walikuwa wameshajipanga mstari.

"Waache hao kuku wale, mkwe wangu," alisema Bibi Emilia, mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa uani akichambua mlenda. "Angalau Krismasi tutakula nyama yenye sukari."

"Mama, usinichekeshe nitaanguka," alijibu Evelina.

Aliokota zabibu moja iliyosinyaa, akaipangusa kwa kanga, akaitia mdomoni. Ilikuwa tamu. Lakini meno yake yalikutana na mchanga. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi hauombi ruhusa. Unabeba vumbi la barabarani na la zizini, na yote unayamwaga juu ya paa.

Evelina alishuka taratibu. Moyo wake ulikuwa mzito, maana zabibu zile zilikuwa na habari ndefu.

Mizabibu ilikuwa yake. Aliipanda kwa mikono yake mwenyewe, akimwomba Mungu kwenye kila shimo. Mwaka ule mvua ilipogoma, aliibebea maji kichwani kutoka bombani. Zamani lori la mnunuzi lilikuja kila mavuno. Vichala vilipimwa, vikapakiwa, na jioni ile ile watoto walikula wali. Kisha ikaja miaka ya biashara huria. Lori likaanza kuchelewa. Halafu likaacha kuja kabisa.

"Siku hizi kila kitu ruksa," watu walisema. "Ruksa kununua na ruksa kutokununua."

Zabibu mbichi hazijui kusubiri. Zinaoza. Jirani yao Gaudence alikuwa ameshang'oa mizabibu yake yote kwa kuivuta na maksai. Shamba lake sasa lilikuwa jeupe.

Kefa, mume wa Evelina, hakuwa mtu mkali. Lakini usiku mmoja baada ya sala alisema neno lake.

"Mama Frida, nimechoka kuangalia barabara. Kama mavuno haya nayo yataozea mikononi mwetu, naita maksai wa Gaudence. Tunang'oa, tunapanda mtama. Mtama hausubiri lori. Unaingia sufuriani."

Evelina hakubishana naye, kwa sababu alijua watoto wanakula nini. Aliomba jambo moja tu.

"Niachie mavuno haya, Baba Frida. Nitajaribu kuzikausha. Madukani mjini wanauza zabibu kavu."

"Haya," alisema Kefa. "Mavuno haya tu."

Zile za juu ya paa zilipokauka kiasi, Evelina alizipeleka Dodoma mjini kwa Bashiri. Bashiri alikuwa mtu wa Kondoa, mwenye duka la viungo sokoni. Aliuza iliki, mdalasini na zabibu kavu za pakiti zilizotoka nchi za nje. Alimkaribisha Evelina vizuri. Akachukua zabibu chache, akatafuna. Ghafla taya lake likasimama. Akageuka pembeni, akatoa kitambaa, akatema.

"Mama," alisema kwa upole, "utamu upo. Lakini mteja wangu anapika pilau. Hajengi nyumba."

Watu dukani walicheka. Evelina naye alicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

"Usikate tamaa," alisema Bashiri. "Niletee safi, nitanunua. Hizi za pakiti nazitoa mbali. Za kwetu zikiwa nzuri, nihangaike na za mbali kwa nini?"

Evelina alirudi na neno hilo. Wiki ile ile bibi shamba wa kata alipita kijijini na pikipiki yake. Jina lake Hamida. Naye alikuwa mwenyeji wa Kondoa, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika hata ng'ombe wakilia.

"Hodi hapa. Mbukwenyi. Bibi, shikamoo," aliita, akitia na salamu ya Kigogo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda," alisema Bibi Emilia.

Evelina alimweleza kila kitu, pamoja na kitambaa cha Bashiri. Hamida alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama juu.

"Lile jua ni la nani?" aliuliza.

"La Mungu," alijibu Evelina.

"Basi umepewa bure moto wa kukaushia. Kinachokusumbua ni vumbi, nzi na kuku. Tena juu ya paa joto halikai. Upepo unalipeperusha, na usiku ubaridi unazilowesha zabibu tena. Mlenda ni jani jembamba, unakauka kabla ya jioni. Zabibu imejaa maji. Inahitaji joto zaidi, na siku kadhaa. Tulikusanye joto la jua mahali pamoja. Tutengeneze kaushio."

"Kaushio ni kitu gani?"

"Ni sanduku tu. Njoo, nitakuchorea hapa chini."

Alichukua kijiti akachora uani. Sanduku la mbao, limeinama kidogo. Chini kuna bati lililopakwa rangi nyeusi. Juu limefunikwa kwa nailoni angavu, ile ya kuonyesha. Katikati kuna trei za chandarua za kuwekea zabibu. Mbele, upande wa chini, kuna tundu refu. Nyuma, upande wa juu, kuna tundu lingine. Matundu yote mawili yanazibwa kwa wavu wa chandarua ili nzi wasipite.

"Kwa nini rangi nyeusi?" aliuliza Kefa, aliyekuwa amesimama kando akijifanya ananoa panga.

"Baba Frida, ukivaa shati jeusi saa saba mchana, unasikiaje?"

"Naungua."

"Ndiyo hivyo. Nyeusi inalimeza jua na kuligeuza joto. Nailoni inaruhusu mwanga kuingia, lakini inazuia upepo kuchukua lile joto. Na uso wa sanduku uangalie kaskazini, maana miezi hii jua linapita upande huo."

Kefa aliacha panga. Alikuwa fundi kidogo, na mchoro ule ulimkuna. Siku zilizofuata alitafuta mbao za makasha ya zamani na bati lililotolewa kwenye banda. Mwalimu wa shule aliwapa mabaki ya rangi ya ubao. Nailoni waliinunua mjini. Kefa alipiga misumari huku akinung'unika kwamba anajenga jeneza la zabibu, lakini kila kona aliipima mara mbili.

Hamida alirudi kuwaonyesha kazi ya kuandaa. Walichagua vichala vilivyoiva sawasawa na kutupa zabibu zilizopasuka. Walivichovya kwenye maji ya moto yenye magadi kidogo, kwa muda mfupi tu, kisha wakavisuuza kwa maji safi.

"Mnaona ule weupe kwenye ganda?" alisema Hamida. "Ni kama nta. Unayafungia maji ndani. Magadi yanaupasua ili maji yapate kutoka."

Zabibu ziliwekwa kwenye trei, zikatandazwa zisipandane. Sanduku likafungwa. Hamida aliwasha pikipiki yake, akaahidi kupita tena.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza kosa lililotokea.

Mchana ule Evelina alipitisha mkono wake kwenye lile tundu la juu. Akasikia hewa ya moto ikitoka, ikimpapasa vidole.

"Mama," alimwita mama mkwe wake, "joto linatoroka huku."

Bibi Emilia alikuja, naye akaweka mkono. "Kweli. Sasa huyu bibi shamba katuachia ufa?"

Katika nyumba za Wagogo, chakula kikitakiwa kitunzwe hufungiwa. Kihenge cha mtama hukandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kisisalie hata kitundu cha sindano. Mwanamke asiyejua kuziba kihenge husemwa kisimani. Evelina alisifiwa kwa kazi hiyo tangu alipoolewa. Alikoroga udongo na mavi ya ng'ombe, akaziba tundu la juu. Kisha akaziba na la chini. Akalainisha kwa kiganja mpaka pakang'aa. Jioni aliomba, akamshukuru Mungu kwamba joto halitatoroka tena.

Siku mbili baadaye, nailoni ilikuwa imejaa matone ya maji kwa ndani, kama kifuniko cha chungu. Kefa aliinua mfuniko. Harufu kali ya uchachu iliwapiga usoni. Zabibu zilikuwa zimevimba na kulainika. Nyingine zilikuwa na ukungu.

Bibi Emilia alinusa. "Mkwe, hujakausha. Umepika pombe. Na sisi ni watu wa kanisani."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kefa alifunga mfuniko polepole.

"Mama Frida, umejitahidi. Mungu ameona. Lakini nitakwenda kuzungumza na Gaudence. Ijumaa alete maksai."

Alivaa kofia yake, akatoka. Evelina alibaki amesimama mbele ya sanduku. Mizabibu ilionekana toka pale, na sehemu kubwa ya vichala bado ilikuwa haijachumwa. Hakuweza kusali kwa maneno mengi. Alisema tu, "Bwana, nionyeshe nilipokosea."

Hamida alifika mchana ule ule. Alipoliona sanduku, alisimama, akainama, akapitisha kidole kwenye udongo uliolainishwa vizuri.

"Kazi safi," alisema. "Nani kaziba?"

"Mimi. Joto lilikuwa linatoroka."

Hamida hakumcheka. Alikaa chini kabisa, akamwomba Evelina kanga mbili na ndoo moja yenye kifuniko. Akazilowesha kanga zote. Moja akaitandaza kwenye kamba. Ya pili akaikunja, akaitia ndani ya ndoo, akafunika, akaiweka ndoo juani.

"Sasa tunywe chai," alisema.

Chai ilipoisha, kanga ya kwenye kamba ilikuwa imekauka inapepea. Hamida alifunua ndoo. Kanga ya ndani ilikuwa ya moto, tena imelowa chapachapa.

"Zote mbili zilikuwa juani," alisema. "Ya ndoo imepata joto zaidi hata kuliko ya kamba. Mbona haijakauka?"

Evelina aliishika kanga ile. Aliikamua, maji yakamchuruzika vidoleni. Kisha akasema polepole, "Maji yake hayana pa kwenda."

"Umejibu mwenyewe. Kihenge kinatunza kitu ambacho kimeshakauka. Ndiyo maana tunakiziba. Kaushio linatoa maji kwenye kitu kibichi. Ile hewa ya moto iliyokupapasa vidole haikuwa inatoroka, mama. Ilikuwa kazini. Hewa kavu inaingia kwa tundu la chini. Inapata joto kwenye bati, inakuwa nyepesi, inapanda. Njiani inabeba maji ya zabibu. Ikishajaza mzigo wake inatokea juu, na nyingine inaingia nyuma yake. Ukifunga mlango, mbeba maji anabaki ndani na mzigo wake."

"Kumbe tulimfungia hamali ndani ya ghala," alisema Bibi Emilia.

"Tena na gunia kichwani, bibi."

Hapo Evelina alicheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Alichukua kisu, akaubomoa udongo wake mzuri. Walisugua sanduku kwa maji na sabuni, wakaliacha likauke. Walichuma vichala vipya, wakachovya, wakasuuza, wakatandaza.

Kefa aliporudi alikuta kazi imepamba moto.

"Gaudence atakuja Ijumaa," alisema.

"Aje," alijibu Evelina. "Mimi nina mpaka Ijumaa."

Hata Kefa alitabasamu kidogo.

Zilikuwa siku za jua kali. Kila asubuhi Evelina aligeuza zabibu kwa mkono uliooshwa. Kila jioni, ubaridi ulipoanza, alifunika matundu kwa gunia ili unyevu wa usiku usiingie, na jua lilipochomoza aliyafunua. Nailoni ilibaki kavu. Zabibu zilianza kusinyaa, zikawa ndogo, zikawa nyeusi zenye wekundu wa mbali. Nzi walizunguka nje ya wavu wakachoka. Kuku walikuja, wakatazama, wakaenda zao.

Ijumaa Gaudence alifika na maksai wawili na mnyororo mrefu begani.

"Shemeji, habari za asubuhi. Nimekuja kwenye mazishi ya mizabibu."

"Karibu, shemeji. Kwanza nawa mikono," alisema Evelina.

Alifungua kaushio mbele yao wote. Akachukua zabibu kujaza kiganja, akazibana kwa nguvu kama Hamida alivyomfundisha, kisha akafungua mkono. Zabibu ziliachana, kila moja kivyake. Hakuna tone lililotoka. Hazikunata.

"Zimekauka," alisema. "Kuleni."

Gaudence alitafuna kwa uangalifu, jino kwa jino, kama mtu anayesubiri jiwe. Jiwe halikuja. Akachukua nyingine, kisha akajaza mkono.

"Hizi ni zile zile mlizokuwa mnaanika na kuku?"

"Zile zile."

Kefa naye alichukua moja. Alitafuna, akameza, akaangalia shamba, akaangalia maksai.

"Kula ni kitu kimoja, na kuuza ni kitu kingine," alisema mwishowe. "Gaudence, nipe leo. Tuzipeleke mjini tusikie."

"Maksai wangu hawana haraka. Wako kwenye majani yako."

Evelina aliziacha zipoe kabisa kivulini, maana zikifungwa za moto hutoa jasho na kuharibika. Akazitia kwenye ndoo safi yenye mfuniko. Walipanda basi la mchana, yeye na Kefa, ndoo ikiwa magotini pake.

Dukani kwa Bashiri kulikuwa na wateja. Kefa alibaki mlangoni. Evelina alisogea mbele, akaweka ndoo juu ya meza, akafunua. Bashiri alimkumbuka. Alitoa kitambaa mfukoni kabisa, akakiweka tayari. Kisha akatafuna.

Taya lake halikusimama.

Alichukua nyingine, akaikata kwa kucha, akaitazama kwenye mwanga. Akafungua pakiti moja ya zile za nje, akamwaga chache juu ya karatasi, na za Evelina kando yake. Mama mmoja mteja aliyekuwa akinunua iliki alinyoosha mkono, akaonja za huku na za huku.

"Nipimie hizi," alisema, akionyesha za Evelina.

"Hata sijazinunua bado, mama," alisema Bashiri.

"Basi nunua upesi, mimi nina mgeni."

Duka zima lilicheka. Bashiri alikirudisha kitambaa mfukoni.

"Mama Frida, mzigo huu wote nauchukua. Na mwingine unao?"

Evelina aligeuka kumtazama mumewe. Kefa ndiye aliyejibu kutoka mlangoni, kwa sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia kwa misimu mingi.

"Upo. Shamba zima bado lina vichala. Uko juu ya miti unakusubiri."

"Basi mleteni. Lakini uwe kama huu. Ukiwa wa paa, mtaurudisha."

"Hauwezi kuwa wa paa," alisema Evelina. "Tunalo sanduku, na milango yake iko wazi."

Waliporudi, Gaudence alikuwa bado yupo, amelala kwenye kivuli cha nyumba. Kefa alimwamsha kwa kumgusa bega.

"Nenda nyumbani na ng'ombe wako, ndugu yangu. Hapa hakuna kitakachong'olewa."

Mavuno yaliyobaki yalikaushwa yote. Kefa alitengeneza kaushio la pili, kubwa zaidi, na safari hii hakunung'unika. Majirani walikuja kuangalia. Evelina aliwakaushia nyanya na maembe, naye alimshika kila mmoja mkono na kuuweka kwenye tundu la juu asikie ile hewa ya moto. Kila mmoja alisema, "Mbona joto linatoroka?" Naye kila mara alitoa ndoo na kanga mbili.

Jumapili ya mavuno, wanawake walipopeleka sadaka mbele, wenzake walibeba mtama na karanga. Evelina alibeba sahani ya zabibu kavu. Mchungaji alionja moja baada ya kubariki, na vigelegele vikaanza upande wa wanawake vikapita hadi nje. Fungu lingine alilipeleka kwa Hamida kwa ajili ya pilau la Idd. Hamida alisema watoto wake walitafuta zabibu kwenye wali kama wanaotafuta shanga.

Ulipofika wakati wa kupogoa, Gaudence alikuja mapema. Alizungukazunguka, akauliza habari za kila mtoto, akasifu hata mbuzi. Mwisho alikohoa.

"Shemeji, haya matawi mnayokata, mnayachoma?"

"Mwaka jana tuliyachoma," alisema Evelina. "Unayataka?"

"Machache tu. Shamba langu limekaa jeupe mno."

Evelina alimchagulia matawi yenye afya, akamkatia vipande, akavifunga kwenye gunia lenye unyevu. Gaudence aliondoka navyo begani, akitembea haraka kama mtu anayeogopa kuitwa arudi.

Kefa alikuwa upande wa pili wa shamba, pale palipokuwa pamekusudiwa mtama. Alikuwa ameshapigilia vigingi na kuvuta kamba, na miguuni pake palikuwa na rundo la vipande vibichi. Aliinuka, akamwita mkewe kwa sauti.

"Mama Frida, njoo uombee shimo la kwanza. Huu mstari mpya nimeuanzia hapa."

Evelina aliweka chini mkasi wa kupogolea, akavuka mashina yaliyopogolewa, akaenda kupiga magoti karibu naye.